Lomeri Amebaki Kulamawe

Ngaremara, Isiolo
9 Februari 2024

Kwa binti yangu Judy,

Ejoka. Natumaini wewe na Mwirigi mko salama huko Leeds, na huyo mgeni aliye tumboni anakupiga teke vizuri. Sisi huku hatujambo, mbuzi hawajambo, ila mvua bado haijatukumbuka. Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Usishtuke kwanza, soma polepole.

Ule ukwaruzo wa koo niliokuwa nausingizia vumbi, kumbe si vumbi. Nilienda hospitali huko Meru, wakaniingiza mrija wenye taa mpaka machozi yakanitoka. Daktari akasema kuna uvimbe pale pale sauti inapotengenezewa, na dawa yake ni kukata. Nikamuuliza, mkishakata nitabaki na nini? Akanijibu, utabaki na uhai, mzee. Ni kijana mzuri, lakini hajui alikuwa anaongea na nani. Operesheni ni mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo sitaongea tena, sembuse kuimba. Kwa sasa nimekatazwa kupiga domo kwenye simu, ndiyo maana naandika. Nikimaliza nampelekea Kinanu, yule msichana wa Kimeru mwenye duka la fotokopi mjini, anapiga picha karatasi na kukutumia. Anazisoma kabla yako na wala haoni haya.

Usilie. Nimeimba vya kutosha. Nimeimba kwenye harusi za watu ambao wameshaachana. Nimeimba uwanjani siku za Madaraka, mbele ya wakubwa waliokuwa wanasinzia. Na kanda nilizorekodi nikizunguka kukusanya nyimbo za watu zipo, sanduku la bati limejaa. Jana nilizitoa nikazipanguza. Kuna wanaume wa Sericho wakinywesha ngamia kisimani, mmoja anaita na wengine wanaitikia huku ndoo inapita mikononi. Kuna watu wa Rapsu wakifukuza ndege shambani. Kuna mzee wa hapa kwetu anayemwimbia ng'ombe wake aliyekufa kwa ukame. Wengi wao wameshatutoka. Lakini ukibonyeza tu, wanaendelea pale pale walipoachia, nami nakaa nikisikiliza mpaka chai inapoa.

Niambie mtoto anatarajiwa lini, na kama unakula. Mama yako angekuwepo angeshakutumia mafuta ya ng'ombe.

Ni mimi Apa yako,
Ewesit


Leeds
10 Februari 2024

Kwa Apa mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mwirigi. Sisi ni wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikashuka kituo ambacho si changu, nikakaa pale kwenye benchi na sare yangu ya kazi. Samahani, umesema nisilie. Nimelia.

Mtoto ni wa mwezi wa tano. Wametuambia ni mvulana. Kwa desturi ya kina Mwirigi, kifungua mimba wa kiume anachukua jina la baba ya baba yake, kwa hivyo ataitwa Kiugu. Sijakataa, ni jina zuri. Lakini nataka upande wetu nao umpe kitu, na kitu chenyewe nimeshakijua. Apa, kabla hawajakukata, niimbie Lomeri.

Kila mwanaume wa kwetu ana ng'ombe wake wa kuimbia, na Lomeri alikuwa wako, yule dume wa madoadoa. Mpaka leo wazee wanakuita Apalomeri, baba wa Lomeri. Nakukumbuka jioni zizini, mikono juu, mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa, kama pembe zake zilivyokuwa. Mama alikuwa anakuitikia kutoka jikoni huku akisugua sufuria. Mikono naikumbuka vizuri. Wimbo wenyewe nimebaki na kipande kidogo cha mwisho, na hicho nacho sina hakika nacho.

Sanduku zima, Apa, na wewe humo humo huimbi. Unasikika ukiwabembeleza watu waimbe, basi. Hata Abiba wa Kulamawe alipata Lomeri. Si ulikuwa ukitusimulia? Ulienda kumrekodi nyimbo za kukamua, akagoma mpaka na wewe umwachie wako, kwa sababu kwake hata kibuyu cha maziwa hakikurudi kwa mwenyewe bila kutiwa kitu. Ulisema mama mzee amekunyang'anya ng'ombe mchana kweupe. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nami nataka wangu. Simu ya Kinanu inatosha.

Binti yako,
Judy


Ngaremara
19 Februari 2024

Kwa Judy mama,

Habari ya huko? Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Barua yako niliipata, na Kinanu alinisomea huku anavuta kamasi, nikamwambia hii si sinema.

Nimesikia ombi lako. Lakini wewe ni mtoto wangu, unajua wimbo wa ng'ombe hauimbwi na mtu mmoja kama anayejisemea mwenyewe. Lazima wawepo wa kuitikia, na wale wangu wameisha. Mama yako ameenda. Ewoi, rafiki yangu tuliyechunga pamoja tangu utoto, ameenda. Niwaite akina nani, vijana wa bodaboda?

Halafu nilipokuwa na sauti yenyewe, wewe ulikuwa hujazaliwa kuisikia ilivyokuwa. Nilikuwa nasimama huku kando ya Ewaso Nyiro na watu wa ng'ambo wanaacha kazi. Muulize mtu yeyote.

Haya, usinune. Nimeongea na majirani, Jumapili baada ya kanisa watakuja kuitikia, na Kinanu atakuja na simu. Nitaimba. Mwambie huyo mvulana akae tayari.

Apa yako


Ngaremara
14 Machi 2024

Kwa Judy,

Salamu. Niko nyumbani, na operesheni ilienda vizuri. Sasa napumua kupitia tundu hapa shingoni, nimelifunika na kitambaa, na mbuzi bado wananitambua. Nashukuru kwa simu zako ulizopiga hospitali. Muuguzi alikuwa anaziweka sikioni kwangu na nilisikia kila neno.

Uliniuliza kuhusu wimbo na nikawa siwezi kukujibu. Sasa nakujibu. Sikuimba.

Jumapili ile walikuja kweli. Kinanu akainua simu, majirani wakajipanga, nami nikainua mikono. Nikaanza. Judy, kile kilichotoka kilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa. Kwenye mstari wa pili nikakohoa, nikajaribu tena, nikakohoa tena. Majirani wakaitikia hivyo hivyo kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia Kinanu afute. Akabisha, nikamkalia ngumu, akafuta mbele ya macho yangu.

Sikutaka mjukuu wangu anijue kwa sauti ile. Afadhali aambiwe babu yake aliimba vizuri, akubali tu. Usinikasirikie. Mimi nilikuwa mwimbaji.

Apa yako


Leeds
15 Machi 2024

Kwa baba,

Habari ya kidonda. Natumaini unakisafisha kila siku kama walivyokuelekeza, na Kinanu anakuletea uji.

Nimekasirika, na sitakuficha. Kanda ya Abiba naijua kwa moyo, ulikuwa ukiipiga kila Jumamosi. Kabla hajaimba anakuambia, niache, sauti yangu imezeeka, imekatika. Na wewe unamjibu, mama, sauti iliyokatika bado ni sauti, imba. Ni wewe huyo. Uliwaambia hivyo Sericho, Rapsu, kila mahali. Wazee wa watu waliona haya wakaimba hivyo hivyo, kwa sababu waliamini unajua unachosema.

Mimi sikuomba sauti ya kuvuka mto. Niliomba ya baba yangu. Ningepokea hicho kikohozi na mlango wako wa bati na kila kitu. Abiba, ambaye hata si wa ukoo wetu, ulimpa Lomeri mzima. Mimi umenipa habari kwamba imefutwa.

Tafadhali acha niwe kimya kwa muda.

Judy


Ngaremara
7 Aprili 2024

Kwa Judy,

Habari? Mvua imenyesha hatimaye, imeosha mpaka njia ya kwenda kanisani. Kidonda kinapona. Kinanu anasema ile barua fupi niliyokutumia baada ya yako uliisoma, kuna alama zimegeuka bluu kwenye simu. Sijui alama hizo zina maana gani kwa mtu aliyekasirika. Nasalimia tu.

Apa yako


Ngaremara
22 Mei 2024

Kwa mama Kiugu,

Mwirigi alimwandikia Kinanu kwamba mtoto amefika salama na wewe uko salama. Nilikuwa dukani. Nikataka kupiga kelele ya furaha, nikasahau, ikatoka hewa tu shingoni. Kinanu akanipigia hiyo kelele yeye, na wateja wakashangaa.

Simlaumu mtu kwamba habari haikutoka kwako. Kuna mahali nataka kwenda kwanza. Nikirudi nitakuandikia.

Babu yake


Ngaremara
11 Juni 2024

Kwa binti yangu Judy,

Pokea salamu, wewe na mwanao na baba yake. Natumaini analala, na wewe unapata kulala. Mimi sijambo, nimechoka tu kwa safari. Nilikuwa Kulamawe.

Yale maneno yako ya Abiba yalikaa na mimi miezi yote hii. Kwanza yalinichoma. Halafu siku ile Mwirigi alipoandika, nikayasoma tena, nikaona kumbe ndani ya hasira yako umeniambia mahali ng'ombe wangu alipo. Nikamwomba Kinanu afunge duka siku moja anisindikize, maana mkusanyaji wa nyimbo asiye na sauti ataomba vipi? Nilibeba redio ya kaseti na kanda ya Abiba. Tulipanda gari la Garba Tulla, tukashukia Kulamawe penye maduka, tukaulizia. Tukaambiwa Abiba alifariki zamani, lakini binti yake Batula yupo, anauza maziwa.

Tulimkuta anakamua ngamia. Kinanu akamwambia salaam aleikum kwa Kiswahili cha Meru, akaanza kumweleza mimi ni nani, na akanitambulisha vibaya sana, ati mimi ni mzee wa redio. Sikuwa na jinsi ya kumsahihisha. Nikaweka redio chini nikabonyeza.

Judy, kanda ilikuwa imeachiwa katikati, na sauti ya kwanza kutoka haikuwa ya Abiba. Ilikuwa yangu. Tangu operesheni sikuwa nimeisikia, sanduku sikulifungua mpaka siku ya kutoa kanda hiyo. Nikasikia kijana mmoja mwenye maneno matamu anasema, mama, sauti iliyokatika bado ni sauti, imba. Nilitafuta mahali pa kuangalia, nikaangalia ngamia.

Halafu Abiba akaanza. Sauti imezeeka kweli, inakatika katikati, kuna mahali inapotea kabisa anaivuta tena. Batula aliacha kukamua. Akakaa chini kwenye vumbi akaiweka redio mapajani kama mtoto. Hakusema sauti ya mama yake imechakaa. Alisema, huyo ni mama, na akaniomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha mpaka betri zikaanza kulegea. Pale nilikuelewa, mwanangu. Ulikuwa umeniandikia kwa Kiswahili safi na sikukuelewa mpaka nilipomwona yule mama amekaa chini. Nisamehe.

Kinanu akamwambia kanda ni yake, abaki nayo, na redio pia. Batula akafuta macho. Kama mama yake kabisa, akauliza yeye atatupa nini. Kinanu akamwambia, kuna wimbo mzee huyu aliuacha hapa.

Akaujua papo hapo. Anasema aliukuta kwa mama yake tangu utotoni, mpaka leo wanauimba wakikamua. Akarudi kwa ngamia wake akaanza, na Kinanu akainua simu. Sasa nikuonye kabla hujasikiliza. Lomeri amekuwa ngamia. Wamembadilisha, Judy, dume langu la madoadoa wamemtia nundu ya ngamia. Mimi niliimba, Lomeri wangu wa madoa, mvua ilikunyunyizia ikakimbia. Wao wanaimba kwa Kiborana, ngamia wangu wa madoa, mvua ilikunyunyizia ikakimbia. Jina la Lomeri limebaki kwenye kiitikio tu, na Batula alikuwa anafikiri ni sauti ya kubembelezea mnyama asimame. Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshainua kidole nimkatize, lakini ningemkatiza na nini? Basi nikasikiliza. Na wimbo ni wenyewe. Njia yake ni ile ile, inapanda pale pale na kushuka pale pale.

Ila baada ya ikakimbia, kila mara, Batula anakohoa. Kikohozi kidogo, halafu anaendelea. Mara ya kwanza nikadhani ni vumbi. Mara ya pili, pale pale. Nikamgusa Kinanu amuulize. Batula akashangaa kuulizwa. Akasema ndivyo wimbo ulivyo, mama alituambia hapo tusiparuke, hapo ndipo mwenyewe anapoingia.

Nikakumbuka. Siku ile nilipomwimbia Abiba upepo ulikuwa mwingi na mbuzi wa Abiba walikuwa wanarudi, wametimua vumbi lote la Kulamawe. Nilipofika kwenye ikakimbia, vumbi likaniingia kooni, nikakohoa. Hakuna kanda iliyonasa, maana zamu yangu ilipofika nilizima mashine kulinda kanda. Lakini Abiba alichukua wimbo kama alivyopewa. Hakuchagua.

Nilisimama hapo nyuma yao nikainua mikono, mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa. Ilikuwa zamu ya kuitikia na sikuwa na kingine cha kuitikia nacho. Kinanu anasema kumbe simu ilikuwa inachukua na picha, kwa hivyo utaniona. Sikuwa nimechana nywele.

Nakutumia. Mpe Kiugu wangu. Mwambie ni ng'ombe, si ngamia.

Apa yako,
Apalomeri


Leeds
30 Juni 2024

Kwa Apa wangu,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima. Usifikiri nilikaa kimya tena kwa hasira, nilikuwa najifunza, na mwalimu wangu anaimba Kiborana.

Siku ya kwanza niliitazama bila sauti, kwa sababu nilikuona wewe kwanza. Uko nyuma kabisa, karibu na miguu ya ngamia, na kitambaa chako shingoni. Halafu mikono ikapanda. Nikamwita Mwirigi, nikamwambia, unaona, sikuwa naota, zilikuwa hivi hivi hizo pembe. Umepungua, Apa. Ukila vizuri Kinanu aniandikie.

Nisamehe na mimi. Mtoto alipozaliwa nilitaka uwe wa kwanza kujua, nikashika simu, nikajikaza kwa ukaidi. Huo ukaidi unajua nimeutoa wapi.

Nimerudisha maneno yote niliyoweza. Lomeri ni ng'ombe tena, nundu ya ngamia nimeiondoa. Kile kipande cha mwisho nilichokuwa nakikumbuka nimekikuta mahali pake, kumbe nilikuwa nacho sawasawa miaka yote. Pale pa kuitikia, Mwirigi anaitikia, kwa Kimeru na vibaya, lakini anaitikia. Ukija Desemba utamfundisha kwa mikono. Tiketi tumeshaanza kuulizia, kwa hivyo shughulikia paspoti.

Kikohozi sikukiondoa. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilishindwa, nikalia badala ya kukohoa. Sasa nimezoea. Namwimbia Kiugu akinyonya. Na ameshaujua, Apa. Tukifika kwenye ikakimbia anaacha kunyonya, anafungua macho na kungoja. Nikishakohoa, anaendelea.

Binti yako,
Judy